Ni Umri au Ni Ugonjwa? Mwongozo wa Macho Tangu Uchanga Hadi Uzeeni

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote kuhusu macho huja kwa sura nyingi. Mama anauliza kama mwanawe wa miezi miwili ana makengeza, maana macho yake hupishana anaponyonya. Fundi cherehani wa miaka 44 anauliza kwa nini siku hizi kutunga uzi kwenye sindano kumekuwa kazi. Kijana anayeishi mjini anauliza kama amwamini babake aliyeko kijijini, ambaye kila akiulizwa hujibu, "Ni uzee tu huu mwanangu, usihangaike." Wote wanataka kujua jambo moja: hili ni la umri, au ni ugonjwa?

Kanuni ya kuanzia ni hii. Mabadiliko ya umri huja polepole, hushika macho yote mawili, wala hayaumi. Kinachokuja ghafla, kinachoshika jicho moja, au kinachouma, kihesabu kuwa ni ugonjwa hadi mtaalamu aseme vingine.

Kanuni hiyo ina mianya, na watu wanapofuka kupitia mianya hiyo. Mkubwa kuliko yote ni kwamba aliyezoea kuona vibaya hajui kuwa anaona vibaya. Mtoto aliyezaliwa hivyo hana cha kulinganisha. Mzee ambaye macho yake yamefifia kidogo kidogo kwa miaka amesahau yalivyokuwa. Kwa hiyo usisubiri mtu alalamike. Pima.

Mtoto mchanga: usiogope kila kitu, ila haya yaogope

Mtoto anapozaliwa huona vizuri umbali wa sentimita 20 hadi 30 tu, yaani kutoka kwenye titi hadi usoni kwa mama. Zaidi ya hapo ni ukungu. Hupenda sura za watu na vitu vyenye giza na mwanga vinavyotofautiana sana. Rangi anazidi kuzitofautisha kadiri miezi inavyosonga. Katika wiki za mwanzo macho kupishana mara moja moja ni kawaida, kwa sababu bado hayajajifunza kufanya kazi pamoja. Mama mwenye mtoto wa miezi miwili, tulia, lakini hesabu miezi.

Mpeleke hospitali bila kuchelewa ukiona:

- Usaha mwingi na kope kuvimba katika mwezi wa kwanza. Hili ni la siku hiyo hiyo. Maambukizi anayopata mtoto wakati wa kuzaliwa yanaweza kuharibu kioo cha mbele cha jicho ndani ya muda mfupi sana.
- Mboni nyeupe badala ya nyeusi. Mara nyingi huonekana kwanza kwenye picha: ukimpiga picha kwa simu yenye mwanga, jicho moja linatoka jekundu na jingine jeupe. Inaweza kuwa mtoto wa jicho wa kuzaliwa, au saratani ya jicho ya watoto, ambayo ikiwahiwa hutibika. Si kila weupe kwenye picha ni ugonjwa, lakini wa kuamua hilo ni daktari, si jirani.
- Jicho moja kubwa kuliko jingine, linalotoa machozi na kukimbia mwanga.
- Mtoto wa miezi mitatu ambaye hafuati uso wako unaposogea.
- Makengeza yanayoendelea baada ya mwezi wa nne.

"Makengeza yataisha akikua"

Hapa ndipo wazazi wengi wanaponibishia, na hapa ndipo nisipopunguza sauti hata kidogo. Jicho huleta picha tu, anayeona ni ubongo, na ubongo hujifunza kuona katika miaka ya utotoni. Jicho moja likipinda, au likileta picha hafifu, ubongo huamua kulipuuza na kutegemea lile jingine. Jicho lililopuuzwa linaweza kuonekana zima kabisa, na bado lisione. Ukiwahi, hutibiwa kwa miwani na kwa kufunika jicho zuri saa kadhaa kwa siku ili lile dhaifu lilazimike kufanya kazi. Ukisubiri hadi mtoto apite miaka saba au minane, nafasi hiyo hupungua sana, na miwani ya ukubwani haiwezi kufidia.

Kipimo cha nyumbani kwa mtoto mdogo hakihitaji kifaa:

1. Subiri awe ameshiba na ana furaha, akiangalia kitu anachokipenda.
2. Funika jicho moja kwa kiganja bila kuligandamiza.
3. Funika la pili.
4. Akikubali upande mmoja na kulia au kuusukuma mkono wako kila ukifunika upande mwingine, inaelekea lile uliloliacha wazi halioni vizuri. Mpeleke.

Usisahau pia vitamini A. Watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 hupewa kila baada ya miezi 6, na hakuna sababu ya kukosa. Nyumbani mpe mchicha, matembele, maembe, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, mayai na maini. Mtoto anayejikwaa jioni wakati wenzake bado wanacheza huenda ana upungufu huo, na huko mbele kuna upofu.

Mtoto wa shule: asiyejua kwamba wengine wanaona

Mtoto asiyeona ubao hasemi "sioni ubao." Anadhani kila mtu anaona hivyo. Mwalimu anasema ni mvivu, mzazi anasema ni mtundu, naye anaanza kuamini. Angalia dalili:

- Anakunja macho akitazama mbali, au anaelekeza kichwa upande mmoja.
- Ananakili daftari la mwenzake badala ya ubao.
- Anaruka mistari akisoma, au hufuata mstari kwa kidole hata katika madarasa ya juu.
- Analalamika kichwa kila akitoka shule, na siku za likizo haumwi.

Tundika kalenda yenye tarakimu kubwa ukutani, msimamishe umbali wa hatua kadhaa, asome kwa jicho moja huku jingine limefunikwa, kisha kinyume chake. Usimlinganishe na wewe. Linganisha jicho lake na jicho lake. Tofauti kati ya hayo mawili inatosha kumpeleka kwa mpima macho.

Akiandikiwa miwani, avae. Najua ninachojibiwa: "Miwani itamlegeza macho." Hapana. Miwani sahihi haiharibu jicho la mtoto. Kumnyima ndiko kunakomuumiza, kwa sababu niliyoieleza hapo juu.

Kuhusu simu, tatizo hasa ni kile inachokiondoa: kucheza nje. Mwanga wa mchana na kutazama mbali huwakinga watoto na ule udhaifu wa kutoona mbali. Taiwan, ambako watoto wenye tatizo hilo ni wengi mno, ilianzisha mwaka 2010 mpango wa kuwatoa wanafunzi nje dakika 120 kila siku, na ongezeko la miaka mingi likageuka. Kwa watoto wetu saa mbili za nje ni jambo la kawaida, mpaka pale tunapowafungia ndani na simu na masomo ya ziada. Wape jioni yao.

Barabarani: jambo wasilolijua wazazi wengi

Mtoto wa miaka minane anaweza kusoma herufi ndogo kabisa kwenye ubao wa mpima macho, na bado asiweze kuhukumu kasi ya gari. Haya ni mambo mawili tofauti. Gari linalomjia mtu moja kwa moja halionekani likisogea kushoto wala kulia. Linachofanya ni kukua machoni. Ubongo wa mtu mzima huugundua ukuaji huo haraka, wa mtoto bado. Watafiti wa Royal Holloway, Chuo Kikuu cha London, walionyesha kwamba watoto wa shule za msingi hawawezi kutambua kwa uhakika gari linalowajia kwa zaidi ya kilomita 30 hivi kwa saa. Fikiria daladala na bodaboda zetu zinakwenda kiasi gani.

Kwa hiyo kumwambia "angalia kulia, kushoto, kulia tena" hakutoshi. Ataangalia, ataliona gari, na bado atavuka. Fanya hivi:

- Wa madarasa ya chini mshike mkono, au avuke na mkubwa. Si suala la nidhamu, ni la umri wa ubongo.
- Mfundishe kanuni isiyohitaji kupima kasi: gari likiwa linakuja, havuki, anasubiri lisimame kabisa au lipite.
- Asivuke kutoka nyuma ya gari lililoegeshwa.
- Nawe dereva, ukiona sare za shule, punguza. Yeye hawezi kukukadiria. Wewe unaweza kumkadiria.

Miaka 40: karatasi inapoanza kusogea mbali

Lenzi iliyo ndani ya jicho hubadili umbo ili uone vitu vya karibu. Kadiri miaka inavyokwenda inakuwa ngumu, na ukifika kwenye miaka 40 na kitu haiwezi tena kujikunja vya kutosha. Hutaona mawe kwenye mchele. Utasoma tarehe ya mwisho ya dawa ukiwa umenyoosha mkono. Utatuma pesa kwa simu na kukosea namba, kwa kuwa 8 na 0 zimefanana. Huu ni umri halisi, na hakuna anayeukwepa. Huko Kongwa, mkoani Dodoma, utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta karibu watu 62 katika kila 100 wenye miaka 40 na zaidi wana tatizo hili.

Ninachotaka kukiondoa ni aibu. Miwani ya kusomea ni kifaa cha kazi. Huko Assam, India, wachuma chai wenye tatizo hili walipewa miwani ya kawaida, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha tija yao iliongezeka kwa karibu asilimia 22 zaidi ya ile ya wenzao wasiopewa. Hao wanachuma majani, hawasomi magazeti. Wewe unayeshona, unayechambua mchele, unayesuka nywele au kutengeneza simu, unapoteza kiasi gani?

Jinsi ya kuchagua:

1. Kwanza pimwa walau mara moja, na umwombe mtaalamu aangalie ndani ya jicho pia, si namba ya miwani peke yake.
2. Ukinunua iliyo tayari, shika maandishi umbali unaofanyia kazi, kama sentimita 40. Anza na namba ndogo, +1.00, upande hadi utakapoona bila kukaza macho. Chukua ndogo inayotosha. Kubwa zaidi haikupi faida, inakuletea maumivu ya kichwa.
3. Jaribu kila jicho peke yake. Yakitofautiana, miwani ya mtaani haikufai. Zote zina nguvu sawa pande mbili.
4. Itarajie namba kupanda kila baada ya miaka kadhaa. Haipandi kwa sababu ya miwani. Ingepanda hata usingevaa.
5. Usitembee wala kuendesha gari nayo. Ni ya karibu tu.

Onyo kwa wenye kisukari: kama sukari yako imepanda, kuona kunaweza kubadilika wiki hadi wiki. Usinunue miwani mpya kabla sukari haijatulia, la sivyo utanunua tena. Na pimwa nyuma ya jicho kila mwaka, hata kama unaona vizuri kabisa.

Baada ya miaka 60: kinachopungua ni mwanga

Hapa watoto na wajukuu wasome kwa makini, kwa maana wengi hudhani tatizo la mzee ni miwani tu. Mboni ya mzee huwa ndogo na haifunguki sana gizani, na lenzi yake hugeuka ya manjano. Matokeo yake, retina ya mtu wa miaka 60 hupokea takriban theluthi moja ya mwanga unaoifikia retina ya kijana wa miaka 20. Chumba unachokiona wewe kina taa ya kutosha, kwake ni magharibi. Hapo hapo mwanga mkali unaomjia usoni, kama taa za gari usiku, humtia kiwi na kuchukua muda mrefu kuondoka. Akitoka juani na kuingia ndani anahitaji kusimama kidogo. Rangi ya buluu iliyokolea na nyeusi humchanganya. Na kitu kisichotofautiana na kilicho nyuma yake, kwake ni kama hakipo.

Sasa tuingie nyumbani kwake:

- Weka taa karibu na anaposomea, itokee nyuma ya bega, isimpige machoni.
- Acha taa ndogo kati ya kitanda na choo usiku kucha. Wazee wengi huanguka safari hiyo.
- Paka rangi nyeupe au ya njano ukingo wa kila ngazi. Ngazi ya saruji tupu haionekani mwisho wake.
- Ugali mweupe au wali kwenye sahani nyeupe ni taabu. Mpe sahani ya rangi, na uone kama hatamaliza chakula ulichodhani hakipendi. Chai ya rangi itiwe kwenye kikombe cheupe.
- Vidonge vyeupe vimwagwe juu ya kitambaa cheusi.
- Noti akunje kwa namna tofauti kila aina, na simu yake iwekwe maandishi makubwa.
- Akitoka nje mchana avae kofia pana au ushungi uliosogezwa mbele. Hupunguza kiwi sana.

Kosa linalojirudia ni kumpa mzee anayeyumba miwani yenye sehemu ya chini ya kusomea, kisha kumwacha ashuke nayo ngazi. Akiangalia miguu yake anapitisha macho kwenye sehemu ya kusomea, na ngazi inakuwa ukungu. Afadhali awe na miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kutembelea.

Mianya miwili ya kanuni yangu

Nilisema cha polepole, cha macho yote na kisichouma ni cha umri. Magonjwa mawili huvaa sura hiyo hiyo.

Mtoto wa jicho. Lenzi inafifia hadi inakuwa kama ukungu. Upasuaji ndio tiba. Hakuna matone wala dawa ya asili inayoiondoa. Mara nyingi hauchukui hata nusu saa, kwa ganzi ya jicho tu. Wazee wengi huambiwa wasubiri "ikomae." Ushauri huo umepitwa na wakati. Muda wa kufanyiwa ni pale kuona kunapomzuia kufanya anayotaka kufanya. Dalili moja huwadanganya wengi: mzee ghafla anaanza kusoma bila miwani, na familia inashangilia kwamba macho yamerudi. Mara nyingi ni lenzi inayozidi kuwa nzito, na baada ya miezi kadhaa hata hiyo nafuu itaondoka. Mpeleke.

Presha ya macho. Hii ndiyo ninayoiogopa zaidi. Inakula kuona kuanzia pembeni, na katikati hubaki safi hadi mwisho, kwa hiyo mgonjwa husoma vizuri huku akigonga milango na watu. Kilichopotea hakirudi. Matone hulinda kilichobaki, nayo hutumiwa maisha yote. Kuyaacha kwa sababu "sioni tofauti" ndilo kosa kubwa. Weusi tuko katika hatari zaidi, na mwenye mzazi au ndugu wa damu mwenye ugonjwa huu yuko katika hatari zaidi ya hapo. Kuanzia miaka 40 pimwa, hata kama huna dalili.

Mzee anapoona watu wasiokuwepo

Wapo wazee ambao kuona kwao kumepungua sana, kisha wanaanza kuona watoto wamekaa kitandani, sura za watu, maua ukutani. Wanajua wenyewe kuwa si kweli, na wananyamaza kwa kuogopa kuitwa vichaa. Hali hii inajulikana tangu mwaka 1760, Charles Bonnet wa Uswisi alipoandika habari za babu yake aliyekuwa akiona hivyo huku akili yake ikiwa timamu. Ubongo uliokosa picha kutoka machoni hujitengenezea zake. Si majini, si kichaa. Muulize mzee wako kwa upole, mwambie hayuko peke yake, mwashie taa, na mpeleke akatazamwe macho, maana huenda kinachomziba ni mtoto wa jicho. Akiwa haamini kwamba ni maono tu, au amechanganyikiwa, hilo ni jingine, daktari aambiwe.

Nina neno pia kuhusu macho mekundu. Usukumani wapo bibi waliouawa kwa kudhaniwa wachawi, na ushahidi ulikuwa wekundu wa macho yao. Wekundu huo ni wa moshi wa miaka ya kupikia kuni na samadi. Anayehitaji kufanyiwa kitu hapo ni jiko.

Usiweke haya machoni

- Maziwa ya mama, mkojo, maji ya majani, asali. Vidonda vingi vya kioo cha jicho huanzia hapo.
- Matone uliyoachiwa na jirani, hata kama ugonjwa unafanana.
- Matone yenye steroidi bila kuandikiwa. Huondoa wekundu haraka, ndiyo maana hupendwa, lakini yakitumiwa muda mrefu huleta presha ya macho na mtoto wa jicho.

Usilale nyumbani

Hospitali siku hiyo hiyo, kwa umri wowote:

- Kuona kumepotea ghafla, hata kama kumerudi.
- Madoa mengi meusi yanayoelea pamoja na miale ya mwanga, au pazia jeusi linaloshuka upande mmoja. Doa moja au mawili ya siku nyingi ni kawaida ya umri. Mvua ya ghafla si kawaida.
- Maumivu makali ya jicho na kichefuchefu, ukiona duara za rangi kuzunguka taa.
- Kitu kimechoma jicho. Usikichomoe. Kama ni kemikali au chokaa, osha kwa maji mengi dakika zisizopungua 15 ndipo uondoke.
- Mistari iliyonyooka, kama fremu ya mlango, inaanza kuonekana imepinda. Hili si lazima siku hiyo hiyo, ila lisipite wiki.

Anzia hospitali ya wilaya. Ikishindikana utapewa rufaa. Tanzania hospitali zinazofahamika kwa macho ni pamoja na CCBRT Dar es Salaam na KCMC Moshi. Kenya kuna hospitali ya Kikuyu. Ulizia pia siku za huduma za mkoba katika wilaya yako, madaktari wanapowafuata watu.

Kama mzazi wako amepita miaka 60 na hajawahi kupimwa macho, usimtumie nauli pekee. Mpangie siku mwezi huu, mpeleke mwenyewe, na mkishafika, nawe kaa kwenye kile kiti upimwe.